Tunaomba Mzungu Mmoja, Alale Hapa Usiku Mmoja

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Vibao vya Kumbukumbu,
Ofisi Inayohusika,
Mlango wa Mwisho Kushoto (Mhusika Katoka Kidogo).

YAH: MAOMBI YA KUPATIWA MZUNGU MMOJA WA ZAMANI, ALALE KATIKA MJI WETU USIKU MMOJA, ILI NASI TUWE NA HISTORIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo Mheshimiwa. Itifaki yote imezingatiwa, pamoja na ile ya kusubiri majibu ya barua zilizotangulia. Sisi wakazi wa mji mdogo ulioko ng'ambo ya Ugogo, kabla msafiri hajafika Tabora, tu wazima, mvua zimenyesha kwa kiasi chake, na kibao chenu kingali kimesimama. Jina la mji silitaji. Mkilitafuta kwenye orodha yenu ya maeneo ya kihistoria hamtaliona, na nisingependa kuwachosha macho.

Nianze na shukrani, maana ndivyo tulivyolelewa. Tunashukuru kwa kibao. Kimesimama njia panda kwa miguu miwili ya bomba, bati la kijani, maandishi meupe ya Kiingereza, kikimjulisha mpita njia kwamba msafiri mmoja mashuhuri wa Ulaya alipita karibu na hapa katika karne ya 19. Jina lake nalo silitaji, limekwisha kutajwa vya kutosha. Alipita karibu na hapa, Mheshimiwa. Hakulala, hakunywa maji yetu, hakuugua, hakugombana na mtu. Alipita, tena karibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hata adhuhuri moja hakuimaliza, na hadi leo ndiye mkazi pekee wa mji huu mwenye jina lililoandikwa kwa fedha za umma.

Chini ya maandishi kuna mshale. Hapo mwanzo ulielekea porini, ambako ndiko alikopita. Kisha lori la mahindi likarudi nyuma bila utingo kuangalia, likaligonga bomba, na tangu siku hiyo mshale unaelekea choo cha stendi. Tuliwaandikia. Mkajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Wakati linaendelea kufanyiwa kazi, watalii wanaokwenda magharibi husimamisha magari, hufuata mshale, hukipiga choo picha kwa adabu zote, na mama anayekusanya mia mbili mbili mlangoni amekuwa akiulizwa maswali kuhusu misafara ya zamani. Anayajibu vizuri tu, kwa kuwa baba wa babu yake alikuwa mpagazi. Hilo halimo kwenye kibao.

Mshale tungeuvumilia. Hata choo chenyewe kimefaidika, kimepakwa chokaa. Tunachoshindwa kukimeza ni ziara zenu.

Kila baada ya miaka michache shangingi linasimama mbele ya ofisi ya mtendaji. Wanashuka vijana waungwana, zamani walikuja na madaftari, siku hizi wanakuja na madaftari na vishikwambi. Wazee wanaitwa. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa mama lishe, soda zinafunguliwa. "Wazee wetu, tuelezeni historia ya hapa." Nao wanaeleza. Wanaonyesha kambi ya wapagazi ilipokuwa, pale penye mashine ya kusaga. Wanaeleza kisima na ukoo uliokichimba, na namna misafara ilivyopanga foleni ya maji mpaka usiku. Wanaonyesha makaburi ya waliokufa kwa ndui wakiwa safarini, wakazikwa na wenyeji ambao hawakuwajua hata kwa salamu. Wanaeleza vijana wa hapa waliojitwika mizigo kwenda pwani: nani alirudi, nani hakurudi, nani alirudi na Kiswahili na kanzu na tabia mpya. Wanataja majina, moja moja, mwana wa fulani, na mjukuu wake ndiye yule pale anayeuza mkaa. Vijana wanaandika. "Hii ni hazina, wazee wetu," wanasema, na mimi naamini wanasema kwa moyo. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, wanaojua kusaini wanasaini, wasiojua wanaweka dole gumba, shangingi linaondoka.

Kisha linakuja bati jipya. Msafiri ni yule yule. Safari iliyopita mlibadilisha rangi.

Wazee waliotaja majina hayo tumekwisha wazika, karibu wote. Waliwapa mlichoomba, wakarudi nyumbani wamefurahi kwamba Serikali imesikia, wakafa na furaha hiyo. Sijui mnaliitaje jambo hilo huko ofisini. Hapa kwetu mtu anayechukua kitu cha mzee kwa maneno matamu asikirudishe ana jina lake, na si jina la cheo.

Nisamehewe, Mheshimiwa, kalamu iliteleza. Tuendelee na maombi.

Tumekaa kikao, tukaiangalia mifano ya mahali palipobahatika, na sasa vigezo tunavielewa. Ujiji, mwembe ambao inasimuliwa Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871 ulikwisha kufa zamani, na mahali pake pana mnara. Tumejifunza kwamba mti uliokufa humtangulia mtu aliyekufa kwenye foleni. Bagamoyo, wageni huonyeshwa mlango wa mnara wa kanisa kwa kuwa Livingstone aliupitia. Aliupitia kweli, Februari 1874, akiwa maiti iliyokaushwa na kufungwa ndani ya gome la mti, juu ya mabega ya watu. Tumejifunza kwamba kupita hakuhitaji uhai. Na mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika, Speke alikuwa haoni kwa ugonjwa wa macho, Burton hajiwezi kwa homa na miguu. Wote wawili wakahesabiwa kuwa wamegundua ziwa, huku watu wa Ujiji wakilivua samaki. Tumejifunza kwamba hata kuona si sharti.

Masharti yakiwa mepesi kiasi hicho, tumepata moyo wa kuomba.

Tunaomba Mzungu mmoja, wa zamani, alale hapa usiku mmoja. Wakubwa hatuwataki, wana miji yao na hatupendi ugomvi na majirani. Tupeni wa daraja la pili: mchora ramani, mkusanya vipepeo, mmisionari aliyepotea njia. Mjerumani atafaa. Mbelgiji atafaa pia. Jeshi la Wabelgiji liliitwaa Tabora Septemba 1916, na katika watu wengi kiasi kile huenda yupo aliyepitiliza. Ikishindikana kabisa, tuazimiwe kutoka wilaya yenye ziada. Kuna miji ina watatu, wanne, na mmoja wao haonekani hata kuandikwa vizuri. Ahamishwe kwa waraka kama wanavyohamishwa walimu, na stahiki zake zifuate baadaye.

Kuhusu sifa za mwombewa, kamati yetu inapendekeza kwanza awe na homa. Tumechunguza tukaona mgeni mzima hupata mstari mmoja, mwenye homa hupata miwili, na aliyefia njiani hupata mnara na uzio. Hatutaki afe, sisi si watu wabaya. Homa ya siku tatu ingetosha, ya kutetemeka meno, ambayo katikati yake anamwona mama yake amesimama mlangoni na birika la chai.

Pili, awe na shajara, na humo atuseme vibaya. Alalamikie bei ya mtama. Alalamikie ngoma za usiku. Atuite wavivu, aandike neno hilo akiwa amelala chali na vijana wetu wanne wakimchotea maji. Mji ambao msafiri hakuutukana, wasomi huutilia shaka. Mji uliotukanwa ukurasa mzima unakuwa na rejea.

Tatu, apoteze kitu. Punda ndiye bora, ila dira au sanduku la kwinini litakubalika. Kitu kikipotea tutakuwa na kibao cha pili, HAPA NDIPO PUNDA ALIPOPOTEA, ambacho kitafungua mlango wa upembuzi yakinifu wa cha tatu, HAPA NDIPO ALIPOONEKANA, na hivyo ofisi yenu itakuwa na sababu ya kuja mara nyingi zaidi, kwa posho.

Nne, asubuhi anapoondoka akipe kilima chetu jina la mfalme wake, au la mchumba aliyemwacha kwao. Kilima kina jina tayari, lakini tuko radhi kulisahau kwa muda wote wa sherehe za uzinduzi.

Kwa upande wetu maandalizi yamefika pazuri. Kamati ya Mapokezi ya Mgeni Aliyekwisha Kuja imeundwa, ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ingawa hazina yenyewe haijapatikana. Mwembe upo. Ulipandwa na chama cha ushirika, ila umenenepa shina, na ukiuambia una miaka 150 hauna nguvu ya kubisha. Jiwe alilokalia akiandika limeteuliwa. Ni lile la fundi baiskeli, naye ameahidi kulihama akipewa notisi. Kitanda cha kamba tumechangiwa na mjane mmoja ambaye hataki jina lake litajwe, na nimemhakikishia kwamba kwa ofisi yenu hilo halina hatari. Kijana wa studio ametengeneza picha ya siku ile, akailoweka kwenye chai ya rangi mpaka ikawa ya 1880. Wazee wawili wako mafunzoni wakijifunza kukumbuka. Mmoja amekwisha fika mbali: anamkumbuka mgeni huyo hadi rangi ya soksi, na majuzi alipofika sehemu ya punda alitokwa na machozi.

Kama wa zamani wamekwisha kwenye stoo, tutapokea wa sasa. Aje mstaafu yeyote wa Ulaya kwa basi la usiku, afikie gesti ya stendi, aumwe na mbu, aandike. Kisha tutasubiri miaka 100 iive. Kwa mazoezi tuliyoyapata kwenu, miaka 100 haitusumbui.

Mkiwa hapo hapo mezani, tuna mengine madogo. Maandishi yaanze na Kiswahili. Jina la mji liandikwe kama wenyewe tunavyoliita. Kibao kisichimbiwe ndani ya hifadhi ya barabara, kisije kikapigwa X nyekundu pamoja na nyumba zetu na historia ikavunjwa bila fidia. Kisiwe cha chuma, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawabagui karne. Siku ya uzinduzi watoto wa shule wasipangwe juani tangu saa moja asubuhi kumsubiri mgeni rasmi wa saa saba. Na utepe ukishakatwa mtuachie, una kazi.

Najua jibu lenu, kwa sababu mmekwisha kulitoa: kwamba ofisi inatambua mchango wa wapagazi, isipokuwa hakuna kumbukumbu za maandishi.

Hakuna kumbukumbu za maandishi.

Livingstone alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, mmoja wa watu wa msafara wake, Jacob Wainwright, alichonga jina la marehemu kwenye mti. Kisha akachonga na majina ya wenzake. Mtu yuko ugenini, amefiwa na kiongozi wa safari, hajui kama atafika pwani, ana kisu na gome la mti, na anakumbuka kuandika walio naye. Hakuwa na bajeti. Hakuwa na shangingi. Hakuomba soda. Kibao hicho kilikuwapo kabla ofisi yenu haijazaliwa, na kilikuwa na majina. Mti ulikatwa baadaye, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London.

Watu wapatao 60 waliibeba maiti ile, wasaidizi wa marehemu, Susi na Chuma, wakiwaongoza, na Halima aliyekuwa mpishi akiwa miongoni mwao. Walitembea miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo. Karibu na Tabora walikutana na msafara wa Cameron, naye akawashauri wamzike papo hapo yaishe. Walikataa. Uamuzi mzito kiasi hicho, uliopitishwa na wapagazi mbele ya ofisa wa Kiingereza, katika nchi hii, ungestahili bati moja la kijani, nusu bati, kipande cha boksi. Huko Westminster Abbey, jiwe la kaburi linasema marehemu aliletwa na mikono miaminifu. Mikono, Mheshimiwa. Mikono ilitembea kutoka Zambia hadi Bagamoyo bila mtu.

Mnataka wengine? Sidi Mubarak Bombay alikuwa na Burton na Speke, akawa na Speke na Grant, akawa na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola, akawasili mwaka 1875. Jina lake limejaa kwenye vitabu vya hao hao mnaowawekea mabati. Na Stanley, ambaye hakuna mpagazi aliyemsifu kwa upole, alipochapisha mwaka 1878 kitabu chake cha Through the Dark Continent alitia humo orodha ya majina ya watu wake: waliokufa njiani, na waliorudi Unguja wakiwa hai. Aliwachapa viboko, aliwapitisha kwenye vita na maporomoko ya maji, na mwisho wa yote akaona haya, au akaona vema, kuwaandika.

Stanley, Mheshimiwa. Mmezidiwa adabu na Stanley.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani. Juu yake aliongeza mkeka wake, sufuria yake na chakula chake. Vitambaa, shanga, nyaya za shaba, pembe, bunduki, mashua iliyokatwa vipande, na mara nyingi mwenye msafara mwenyewe, machela kwa machela, kwa sababu ya ile homa inayopendeza kwenye vibao. Barabara ambayo kibao chenu kimesimama kando yake, kwa sehemu kubwa, ni njia iliyolainishwa na nyayo hizo kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Mmeweka alama ya mtu aliyebebwa kwenye njia iliyotengenezwa na waliombeba, halafu mnasema waliombeba hawana ushahidi. Wanaouliza ushahidi wanakanyaga juu yake kwa gari la Serikali.

Narudi kwenye heshima, maana barua ya kiofisi lazima imalizike kwa heshima.

Ombi la Mzungu libaki kwenye jalada; kamati haitavunjwa na mzee wetu ataendelea kukumbuka. Lakini likichelewa, tunalo ombi la bei nafuu. Fungueni kabati. Tafuteni daftari la ziara zile mlipowakalisha wazee wetu chini ya mwembe. Humo mna jina la ukoo uliochimba kisima, na majina ya vijana waliokwenda pwani, na yule mwanamke aliyewauguza wenye ndui mpaka ikampata. Msituletee bati, bati tutatoa. Msitulipie rangi, tutachanga. Fundi wa kuandika tunaye, ndiye anayeandika majina ya mabasi na hakosei herufi. Mgeni rasmi hatumhitaji.

Tutumieni nakala ya daftari. Kwa basi, kwa posta, kwa picha ya simu, vyovyote. Wajukuu wanakumbuka jina moja moja, kila mtu la kwao. Orodha nzima waliijua wazee, na wazee waliitoa kwenu. Nakala nyingine haipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa mji usiokuwa kwenye orodha.